Chupi ya Tano

Mzee Njagi alipoambiwa kwamba kuna daktari wa chuo kikuu amekuja Siakago kuzika chupi, aliuliza ni nani aliyekufa. Akaambiwa hakuna aliyekufa. Ni chupi tu, kumi, nyeupe, mpya, na zinafukiwa ardhini kama mbegu za mahindi. Njagi aliweka kikombe cha chai chini, akafuta mdomo kwa kiganja, akachukua fimbo yake. Jambo la namna hiyo mtu hasimuliwi. Anakwenda kulitazama mwenyewe.

Watu walikuwa wamekusanyika kwenye mawe, chini ya mteremko wa Mbugi. Huo mteremko ulianzia nyuma ya zizi la Njagi na kushuka hadi mtoni, na ulikuwa malisho ya kijiji kizima. Uliitwa Mbugi kwa sababu ya njuga na kengele za mbuzi zilizolia hapo tangu enzi za babu zake. Siku hizi kengele zilikuwa bado zinalia, lakini nyasi hazikuwepo. Ardhi ilikuwa imepauka na kupasukapasuka kama kisigino ambacho hakijawahi kuonja mafuta. Njagi alikuwa mwenyekiti wa kamati ya malisho kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka yote hiyo mtu akimwambia mteremko umeisha, alimjibu kwamba umepumzika tu.

Alikuwa na mbuzi thelathini na wawili. Aliyewaongoza alikuwa beberu mmoja mwenye kengele shingoni, aliyeitwa Diwani kwa sababu alikula chochote alichowekewa mbele na hakuwahi kumshukuru mtu.

Daktari mwenyewe alikuwa mwanamke kijana aitwaye Leylo. Alikuwa Msomali aliyelelewa Maua, ambako baba yake aliendesha lori la kusafirisha mbuzi, na Kiswahili chake kilikuwa na Kimeru, lugha inayokaribiana na ya Siakago, ndani yake kiasi kwamba wazee walimwelewa hata alipokohoa. Aliwaeleza watu bila haraka. Alisema ndani ya kijiko kimoja cha udongo mzuri wamo vijidudu wengi kuliko watu wote wa Kenya, wadogo hivi kwamba jicho haliwaoni. Hao ndio wanaokula mizizi iliyokufa na majani yaliyooza, wakavigeuza kuwa chakula cha nyasi. Nyasi nazo zinawalisha kupitia mizizi. Mbuzi wakila nyasi mpaka shina, wakarudi kesho wakala na shina, wale wa chini wanakosa chakula. Jua linauchoma udongo, mvua inaupiga, unakuwa mgumu, maji yanapita juu kama kwenye bati. Sasa pamba, alisema, inatoka kwenye mmea, na kwa vijidudu ni chakula kama nyasi. Ukizika chupi ya pamba tupu miezi miwili kwenye udongo ulio hai, unafukua lastiki peke yake. Ukiizika kwenye udongo uliokufa, unarudishiwa chupi yako.

Njagi alisimama. Alipenda kusimama.

"Kwa hiyo, daktari, wamekusomesha miaka yote hiyo uje kulisha funza nguo za ndani?"

Watu walicheka. Leylo naye alicheka.

"Si funza, Mzee. Funza ungewaona. Hawa wamekulisha wewe na baba yako, na hujawahi kuwapa hata salamu."

Hapo walicheka zaidi, na Njagi hakupenda kicheko cha pili kama alivyopenda cha kwanza. Aliyecheka kwa sauti kuliko wote alikuwa Felicitas, mke wake. Felicitas ndiye aliyeongoza kikundi cha akina mama kilichotaka mteremko ufungwe kwa misimu miwili ya mvua, mbuzi wasikanyage, nyasi zipandwe upya. Kwa mwaka mzima Njagi alikuwa akilala na upinzani kitanda kimoja.

Basi akasema jambo ambalo baadaye alitamani angelimeza. Akasema zikeni. Tano hapa Mbugi, na tano kule kwenye shamba la kanisa, ambalo lilikuwa na ua wa miaka sita na nyasi za kufika kiunoni. Za hapa zikitoka nzima, yeye mwenyewe kwa mikono yake atafunga mteremko kwa miiba. Zikitoka zimeliwa, asisikie tena mtu akimtajia ua, hata kama mtu huyo amempikia chakula. Chifu Riungu aliliandika hilo neno kwa neno, akalisoma kwa sauti, watu wakapiga makofi.

Njagi hakuwa akicheza. Aliamini kabisa. Mchwa wa huku Mbeere wanakula nguzo za nyumba, wanakula viti, wamewahi kula Biblia ya mwinjilisti kuanzia Mwanzo mpaka Ruthu. Watashindwa na chupi?

Kazi ya kulinda vigingi vya kuonyesha kila chupi ilipozikwa alipewa Winrose, mjukuu wake. Winrose alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Aliacha shule darasa la sita mama yake alipougua, akaja kuishi kwa babu na bibi, na alikuwa mwenye haya kiasi kwamba akisalimiwa aliijibu leso yake. Lakini macho yake yaliona, na mikono yake haikuacha kazi nusu. Leylo alimwambia akivilinda hivyo kumi vizuri mpaka mwisho, atamchukua afanye kazi naye mwaka mzima katika vijiji vingine. Winrose aliishukuru leso.

Kila chupi ilikuwa na nambari kwenye lastiki, kwa wino usiofutika. Moja hadi tano zilikuwa za Mbugi. Leylo alizika nne za kwanza, akamwachia Winrose ya tano aizike karibu na korongo, akashuka kwenda kanisani na nyingine. Winrose aliiweka ya tano juu ya jiwe, akachimba shimo, kisha akaenda mahali kilipoachwa kigingi.

Njagi aliyaona yote kutoka uani kwake. Alimwona Diwani akija polepole, kengele ikilia kwa heshima. Akamwona akinusa jiwe. Akaiona chupi ya tano ikiingia mdomoni, taratibu, mpaka ikabaki lastiki inaning'inia kidevuni kama ndevu nyeupe za mgeni wa heshima. Kisha na ndevu zikaingia.

Winrose alirudi na kigingi, akasimama. Akatazama juu ya jiwe. Akatazama chini ya jiwe. Akalizunguka jiwe. Njagi alimwonea huruma kidogo, lakini si huruma ya kumfanya atoke kivulini. Moja imekwenda, alijisemea, zimebaki nne. Jioni alipopita pale alikuta shimo limefukiwa na kigingi cha tano kimesimama wima, na akacheka peke yake. Mtoto amefukia shimo tupu ili asigombezwe. Damu ni damu. Hata haya zake zina ujanja wa Njagi ndani.

Wiki hiyohiyo alipata msiba wake mwenyewe. Alikuwa na chupi ya bluu, pamba tupu, ya zamani, ambayo Felicitas alikuwa ameitia kiraka nyuma kwa uzi mwekundu, kiraka chenye umbo la jani la viazi vitamu. Hakuna nguo aliyoipenda kama hiyo. Zile nyingine, za kununua siku hizi, zilikuwa za nailoni na zilimfanya aketi kama mtu anayehojiwa. Ya bluu ilianikwa kambani asubuhi, na jioni haikuwepo. Alilaumu upepo. Kisha akamlaumu mbwa wa Mutembei, jirani na mtu wa rika lake, tena akaenda kumlaumu mbele ya mwenyewe. Mutembei, aliyekuwa na mbuzi wengi na aliyekuwa upande wake katika jambo la mteremko, alikasirika kama aliyetukaniwa mtoto.

"Mbwa wangu ana heshima zake," alisema. "Hawezi kugusa kitu kama hicho, na zaidi kikiwa chako."

Waliacha kusalimiana siku nne.

Mvua za Oktoba zilinyesha mara tatu. Kule kanisani maji yalizama, nyasi zikanyanyuka. Huku Mbugi yaliteremka yakiwa mekundu, yakaingia mtoni na kwenda zake. Wiki ya tano ikaingia, na Njagi akaanza kuwashwa. Hakuwa na shaka, alijiambia, alitaka tu kuona. Jumapili asubuhi akaumwa na tumbo. Felicitas alimtengenezea chai ya tangawizi, akajifunga leso, akaondoka na Winrose kwenda kanisani. Sauti ya kwaya ilipoanza kusikika kutoka bondeni, tumbo likapona, Njagi akachukua jembe.

Alichimba penye kigingi cha kwanza. Udongo ulikuwa mgumu, jembe lilirudi nyuma kama limegonga sakafu. Akaiinua chupi, akaikung'uta. Ilikuwa nzima. Ilikuwa imechafuka kidogo tu, kama ya mtu aliyekaa chini akasahau. Akachimba ya pili. Nzima. Ya tatu na ya nne, hivyohivyo, lastiki na pamba, na nambari zinasomeka.

Kilichomshtua zaidi ni kwamba hapakuwa na mchwa hata mmoja. Alipasua bonge la udongo kwa vidole akitafuta. Hapakuwa na mchwa, wala nyungunyungu, wala mzizi, wala hata harufu. Aliusogeza puani, ukanuka kama tofali. Aliketi pale na chupi nne magotini. Alikumbuka alipokuwa mdogo, baba yake akimtuma kutafuta mwanambuzi aliyepotea hapohapo Mbugi, naye asimwone mpaka amkanyage, kwa sababu nyasi zilikuwa zinamfika magotini na mwanambuzi amelala ndani. Sasa panya akivuka mteremko ungemwona kutoka kanisani. Na ni nani alikuwa mwenyekiti? Wazo hilo alilisukuma mbali haraka. Lilikuwa wazo la Felicitas, limekosea nyumba.

Akawaza juu ya zizi. Samadi ya mbuzi thelathini na wawili ilikuwa imelundikana kule kwenye kona, nyeusi na yenye joto, na kila kilichoangukia pale kilitoweka. Kamba, gunia, hata kofia yake moja. Basi Mzee Njagi, mwenyekiti wa kamati ya malisho, akazibeba chupi nne chini ya koti, akazifukia ndani ya samadi, akarudi kuyafukia mashimo na kuyapigapiga kwa nyayo. Alipokipita kigingi cha tano alikipungia mkono. Watu waliporudi kutoka kanisani walimkuta kitandani, anaguna.

Wiki tatu zilizofuata aliwapenda mbuzi wake kuliko kawaida. Aliingia zizini mara kwa mara, akimwagia samadi maji ya kuoshea vyombo. Felicitas alimwuliza tangu lini anasaidia kumwaga maji. Alijibu kwamba ndoa ni kusaidiana.

Jumapili ya mwisho, siku moja kabla ya kufukua, tumbo likauma tena. Safari hii Felicitas hakutengeneza chai.

"Tumbo lako linajua siku za wiki, Baba Murungi," alisema, kisha akaondoka.

Njagi akaingia zizini na jembe, akachimbua kwa vidole mwishoni asije akakata kitu. Akatoa lastiki. Lastiki tu, na nyuzi mbili tatu zikining'inia kama mizizi ya kitunguu. Nambari moja. Akatoa ya pili, ya tatu, ya nne. Pamba yote ilikuwa imekwenda, ndani ya wiki tatu tu. Aliinama juu ya ile samadi nyeusi, yenye mvuke, na kwa mara ya kwanza akaamini kwamba kweli wamo, wamejaa, wanatafuna saa hiyohiyo mbele ya uso wake bila kupiga kelele. Alitazama huku na huku.

"Hamjambo," aliwaambia kwa sauti ya chini.

Akazisuuza lastiki, akazipeleka kila moja kwenye kigingi chake, akafukia. Alikuwa ananawa mikono kwenye pipa alipomwona Winrose amesimama kwenye mlango wa ua, karudi mapema kuchukua kitabu cha nyimbo cha bibi yake. Winrose aliitazama mikono ya babu yake, akaitazama leso yake, akachukua kitabu, akaondoka.

Jumatatu asubuhi watu walikuwa wengi kuliko siku ya kuzika. Walianza kanisani. Leylo alifukua tano, na zote zikatoka lastiki tupu. Akina mama wakashangilia. Udongo wa kule aliuonyesha mkononi, mweusi, unavunjika kama mkate, na mtu akatania kwamba padri achunguze sakristia yake kabla vijidudu hawajafika kwenye kanzu.

Kisha wakapanda Mbugi. Leylo akachimba penye kigingi cha kwanza. Lastiki tupu. Ikazuka minong'ono. Ya pili, lastiki. Ya tatu, lastiki. Ya nne. Felicitas alikuwa amefungua mdomo na hakukumbuka kuufunga. Mutembei, ambaye siku hizo alikuwa amepatana naye tena, alimpiga Njagi begani mpaka kofia ikasogea. Njagi hakujivuna. Alisimama ameegemea fimbo, uso umejaa unyenyekevu, kama mtu anayepewa cheti.

Leylo alikuwa bado amechuchumaa penye shimo. Aliisogeza lastiki ya nne puani, akainusa. Akatazama zizi la Njagi. Akainusa tena. Halafu akaiweka kwenye mfuko wa karatasi na kuandika tarehe.

Chifu Riungu akafungua kitabu chake, akaanza kusoma yale maneno ya siku ile, kwamba zikitoka zimeliwa, asisikie mtu tena. Alikuwa amefika katikati wakati kitu kama sauti kilipotoka nyuma.

Hakuna aliyesikia. Chifu akaendelea. Kile kitu kikatoka tena, na mama mmoja akageuka akauliza Winrose anasemaje.

"Bado ya tano," Winrose aliiambia leso yake.

Njagi karibu acheke. Akaona huruma yake ya siku ile imepata nafasi. Akasema kwa upole kwamba mtoto asisumbuliwe, nne zinatosha, hata Injili ni nne. Lakini chifu alikuwa mtu wa kitabu, na kitabu kilisema tano. Wakateremka hadi korongoni. Winrose mwenyewe akashika jembe. Alichimba kwa uangalifu, akapiga magoti, akaingiza mkono, akavuta.

Ikatoka ya bluu. Nzima. Udongo ulidondoka, na jani la viazi vitamu likaonekana, limekaa mahali pake, na uzi wake mwekundu uking'aa juani kama ulioshonwa jana.



Mutembei ndiye aliyeanza. Akasema hiyo si chupi ya daktari. Za daktari ni nyeupe. Huyu msichana amechezea kazi ya watu, na kama amechezea hii, nani ajuaye amechezea ngapi? Chifu akamwuliza Leylo, na Leylo akakubali kwamba yeye alileta nyeupe tu. Akamgeukia Winrose akamwuliza, bila ukali, ya tano iko wapi na hii imetoka wapi.

Winrose aliitazama leso yake. Alisimama na ile nguo mkononi, ameikunja nusu ili kiraka kisionekane. Mjukuu hawezi kusimama mbele ya watu mia akasema hii ni nguo ya ndani ya babu yangu. Hilo neno halina mahali pa kupitia. Felicitas alikuwa ameshaujua mkono wake kwenye ule uzi. Alijifunika mdomo kwa leso, na macho yake hayakuwa kwa Winrose. Yalikuwa kwa Njagi, yanangoja.

Chifu akakohoa. Akasema kama mlinzi mwenyewe ameharibu, basi hakuna matokeo. Mteremko utabaki kama ulivyo, mbuzi waendelee, na daktari atafute mtu mwingine wa kufanya naye kazi. Na jambo la msichana litaandikwa.

Njagi alikuwa ameshinda. Aliona ushindi umesimama pale mbele yake, mnene, wenye kengele. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Akamtazama Winrose. Alikuwa ameikamata leso kwa mkono uliobaki, na hakulia, na hakumtazama babu yake hata mara moja, kwa sababu alijua akimtazama tu, watu watafuata macho yake. Alikuwa anamfichia. Tangu jana alikuwa ameiona mikono yake yenye samadi, na bado alikuwa anamfichia.

"Ni yangu," alisema Njagi.

Chifu aliinua kalamu. "Nini chako, Mzee?"

"Hiyo chupi. Ni yangu. Huo uzi ni mkono wa mke wangu."

Kwa muda hakuna aliyecheka, kwa sababu hakuna aliyeamini kwamba ameruhusiwa. Kisha mama mmoja akashindwa, na mteremko mzima ukaangua kicheko. Watu walikaa chini. Mtu mmoja alilishika jiwe. Njagi aliinua fimbo juu, si kwa hasira, bali kama mtu anayesimamisha gari.

"Chekeni mmalize," alisema, "maana bado nina nyingine."

Akawaeleza. Akaeleza kwamba ya tano ya daktari ilipandwa tumboni mwa Diwani siku ileile, naye aliona akanyamaza. Mtoto aliogopa kusema, akaziba pengo kwa pamba pekee aliyoijua, akaizika vizuri na kuilinda. Akaeleza na zile nne. Ni kweli zimeliwa, alisema, lakini hazikuliwa hapa. Aliposema zililiwa wapi, Felicitas alitoa leso mdomoni akasema polepole kwamba alijua tumbo haliwezi kwenda na kalenda.

"Nilijua tangu ya kwanza," alisema Leylo. "Nimelelewa juu ya lori la mbuzi, Mzee. Nilikuwa nangoja nione utafika wapi."

Mutembei hakukubali upesi. Akasema hata kama ni ya Njagi, si ya daktari, kwa hiyo haihesabiki. Leylo akamjibu kwamba kwenye daftari lake kweli haitaingia. Lakini udongo haujui chapa, na hapa Mbugi umepewa pamba ya mzee wa kijiji, laini, iliyozeeka, tayari kwa kuliwa, na umeirudisha na kiraka chake. Akamwuliza Njagi alipozifukua zile nne alizikuta vipi.

"Nzima," alisema Njagi. Halafu, kwa sauti ambayo haikuwa ya mkutano, akaongeza, "Hata mchwa wamehama."

Chifu aligeuza ukurasa, akasoma ile sehemu nyingine, ya miiba na mikono yake mwenyewe. Mutembei akainua mkono kwa mara ya mwisho. Akasema yeye hana neno tena, ila kuna jambo dogo limebaki. Mbwa wake aombwe msamaha.

Njagi alimwomba mbwa msamaha Jumanne asubuhi, mbele ya mashahidi. Jumatano akaanza kukata miiba. Watu walipita barabarani makusudi kumwona mwenyekiti akiburuta matawi, mikono imechanika, na wote walimwuliza tumbo linaendeleaje. Leylo alimshauri atoe samadi zizini aitandaze kwenye mteremko, na kufunika kwa majani makavu, ili wale wa zizini wapate pa kuhamia. Ilibebwa kwa mikokoteni siku tatu. Siku ya pili uma wa Felicitas ulinasa kitu, akakivuta kutoka kwenye samadi. Kilikuwa lastiki, imepitia njia ndefu, na juu yake nambari tano ilisomeka vizuri kabisa. Walimvalisha Diwani shingoni pamoja na kengele.

Mbuzi kumi na wawili walikwenda kwa Murungi, mtoto wao wa Ishiara. Waliobaki walifungwa, na Njagi akawa anawakatia nyasi kwenye shamba la kanisa, akizibeba kichwani na kupita nazo sokoni kama mama yeyote. Winrose aliondoka na Leylo mwezi wa Januari. Leylo alimwambia anataka mtu asiyeacha shimo tupu, ila safari nyingine aandike.

Kabla hajaondoka, Winrose aliirudisha ile ya bluu shimoni pale korongoni, akasimamisha kigingi kipya. Hakumwambia mtu, lakini Njagi alikiona.

Mvua za Machi zikaja, maji yakapunguza mbio. Nyasi zilizopandwa zikatoka chache, kama ndevu za kijana, kisha zikaongezeka. Njagi alikataa kuingia kwa sababu aliyefunga ua ni yeye. Lakini kila jioni alisimama kwenye miiba akitazama kigingi cha tano, na Felicitas alipomwuliza anangoja nini, alisema hangoji kitu, anapumzika. Mvua za Oktoba nazo zikaja.

Winrose alirudi Desemba kwa Krismasi. Alikuwa amenenepa kidogo, na sasa aliwasalimu watu wenyewe, si leso. Jumapili baada ya ibada, Njagi akiwa mzima kabisa wa tumbo, walipanda pamoja mpaka korongoni, na watu kadhaa wakafuata kwa sababu walijua. Winrose alichimba, na safari hii jembe liliingia. Akaiinua.

Haikuwa imeisha. Lakini ilikuwa imetobolewa matundu upande huu na upande huu, pindo limeliwa, na jani la viazi vitamu limebaki uzi mwekundu mtupu unaoshikilia hewa. Njagi alimnyang'anya. Aliinyoosha kwa mikono miwili juu, mbele ya jua, mbele ya watu wote waliotoka kanisani, akawatazama kupitia matundu yake mmoja baada ya mwingine, jicho moja limefumba.

"Wamerudi," alisema.

Kisha akapiga magoti, akaingiza uso shimoni, na aliyekuwa karibu alimsikia akiwauliza habari za huko chini.